Kambare wa Mgeni

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwenyekiti alipotangaza gwarideni kwamba kila mwanachama alete insha moja ya jarida, niliazimia kuandika juu ya mafuta ya Turkana, yale yaliyogunduliwa mwaka 2012. Nilipochungulia madaftari ya wenzangu nikaona watatu wameshaandika hayo hayo, tena kwa mwandiko mzuri kuniliko. Basi nikaona heri niandike kisa changu mwenyewe, ingawa kina aibu ndani yake. Wengine wenu mmekisikia nusunusu kwenye foleni ya githeri na mmekitia chumvi. Nyinyi mnaoniita Kambare mkidhani ni kwa sababu ya harufu, leo sikieni chanzo chake.

Kwanza niwaeleze kwetu. Babu yangu mzaa baba anaishi Kanamkemer, na yeye ni mfugaji hata sasa ambapo mifugo karibu imekwisha. Kwake yeye samaki ni alama ya mtu aliyefilisika. Zamani, anasema, Mturkana aliyekwenda kuvua ni yule ambaye ng'ombe wake wamekufa au wameporwa, na hata akioga mara kumi watu walisema ananuka ziwa. Njaa ya mwaka 1960 na 1961 ilipoingia, watu wengi walipelekwa ziwani, kwenye Ghuba ya Ferguson, wakafundishwa kutega nyavu. Babu alikuwa mtoto mdogo wakati huo, na baba yake alikataa katakata kwenda. Jambo hilo babu hulisimulia kifua mbele kama kwamba ni yeye aliyekataa.

Lakini jua halijui kujivuna kwa mtu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Mbuzi wa babu walikuwa zaidi ya mia moja. Walibaki kumi na mmoja. Baba alikwenda Kitale kulinda lango la watu, na mama hakungoja yule wa kumi na mmoja naye aanguke. Alikopa pesa kwa wenzake wa chama, akaenda Kalokol kwa kaka yake, akarudi na magunia mawili ya samaki wakavu. Akapanda gari nayo hadi Kakuma. Kutoka Kalokol hadi Lodwar ni kama kilomita 60, na Lodwar hadi Kakuma ni kama 120, kwa hiyo mama yangu hula vumbi la safari hiyo karibu kila wiki. Kakuma kuna kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, na tangu 2016 kuna Kalobeyei pia, na humo wamo Wakongo wengi. Mkongo, msomaji mpenzi, humwambii kitu kuhusu samaki. Mbuta atanunua, ngege atanunua, lakini akiona kambare aliyebanikwa moshi ukamwingia vizuri, atamwita jirani. Mama hurudi akisema, "Wanaulizia kambare. Kambare wako wapi?"

Huyo kaka yake mama, mjomba wangu, ndiye kiini cha kisa hiki. Yeye ni mvuvi wa nyavu, lakini ana kazi nyingine: hupeleka wageni ziwani kuvua kwa ndoano, kwa starehe tu. Mwanzoni mimi sikuelewa. Mtu atoke mbali, alipe boti, alipe mafuta, alipe kibali, ashinde juani akimtafuta samaki mmoja kwa uzi mmoja! Mjomba husema kazi hiyo si mpya. Zamani Longech, ng'ambo ya ghuba, palikuwa na loji ambayo Wazungu walikuja kwa ndege ndogo kuvua mbuta wakubwa kushinda mtu. Siku hizi wageni ni wachache, na wengi wao ni watu wanaofanya kazi Kakuma au Lodwar ambao wamechoka na ofisi na wanataka kuona maji wikendi.

Na kwa vile nimetaja Kalokol, acheni niseme kidogo juu ya kiwanda. Ukifika pale utaliona jengo kubwa ambalo halifanani na mji. Lilijengwa kwa msaada wa Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili samaki wagandishwe kwa barafu wauzwe mbali. Kugandisha kitu Turkana! Umeme na maji safi yaliyohitajika hayakuwako, na muda si mrefu ghuba yenyewe ikakauka, boti zikakaa juu ya mchanga. Mwaka 1990 Kenya na Norwei zikakosana, Wanorwei wakaenda zao. Mjomba alipokuwa mtoto walicheza kabumbu pale ambapo leo kuna maji ya kumfunika mtu. Maana ziwa nalo lina vituko. Sehemu kama tisa kwa kumi za maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na halina njia ya kutokea. Watu waliogopa kwamba bwawa la Gibe III lingelikausha, na liliposhuka wakasema, "Mnaona?" Halafu karibu na mwaka 2020 likafurika, likameza nyumba, barabara, mikoma na vichaka vya mathenge. Miti hiyo bado imesimama majini imekauka, na matawi yake yamejaa ndege. Wavuvi wa nyavu huichukia kwa sababu inararua nyavu. Kambare huipenda.

Sasa tuje kwenye kisa. Ilikuwa likizo ya Desemba, nikingoja kuingia kidato cha tatu. Nyote mnajua kwamba sisi wa shule ya kutwa karo tumeondolewa lakini pesa za chakula cha mchana hazikuondolewa. Mimi nilikuwa na deni la shilingi elfu tatu na mia mbili, na tulikuwa tumeambiwa kwamba mwenye deni asionekane langoni Januari. Mjomba alikuwa akinipa shilingi mia tano kwa kila safari niwe mkalimani. Yeye anajua Kiturkana, na Kiswahili chake ni kile cha kununulia sukari. Kiingereza hana. Mimi Kiingereza changu mnakijua, si kibaya, ingawa mwalimu wa somo hilo hapendi insha zangu.

Mgeni wetu siku hiyo alikuwa mwanamume wa makamo aliyefanya kazi Kakuma. Jina lake na nchi yake naviacha. Alikuwa mtu mpole. Alileta fimbo zake za kuvulia zilizokunjwa ndani ya mfuko kama mwavuli, na alitaka kambare, si mbuta. Alisema kwao pia kuna kambare na baba yake alimfundisha kuwavua usiku. Kabla hatujaondoka alisimama mchangani akaniambia nimweleze mjomba sharti lake: kila samaki tutakayemvua atapigwa picha na kurudishwa majini. Ila akiwa ameumia vibaya, asiyeweza kuishi, huyo tuchukue tukale. Nilitafsiri neno kwa neno. Mjomba akacheka kidogo, akasema, "Samaki ni wake, pesa ni zangu. Mwambie sawa." Nikamwambia sawa. Hadi hapo nilikuwa mkalimani mwaminifu.

Tuliondoka Longech jua likikaribia kuzama. Mjomba alizima injini tulipofika kwenye ile miti iliyozama, akafunga kamba kwenye mkoma mmoja usio na kichwa. Alitufundisha, yaani alimfundisha mgeni kupitia kwangu, kwamba kambare hawindi kwa macho kama lokel mwenye meno. Yeye hunusa na kupapasa. Ana ndevu nane, jozi nne, na kwa hizo huonja matope gizani. Chambo kilikuwa matumbo ya ngege yaliyokaa juani tangu asubuhi. Sitaieleza harufu yake, jarida hili huenda likasomwa mtu akila.

Tulikaa. Wageni wengine huongea sana, huyu alinyamaza, na mjomba akampenda kwa hilo. Mara kwa mara mjomba aliwasha tochi kuyapima maji yaliyotuzunguka, maana mamba wako, na sheria yake ya kwanza ni kwamba hakuna mkono unaotolewa nje ya boti usiku. Yuko radhi kukosa mteja lakini si kuivunja sheria hiyo. Ya pili ni kwamba haendi kaskazini kuelekea Todonyang, hata ulipe nini, kwa sababu kule mpakani wavuvi wameuawa kwa risasi. Ya tatu ni upepo. Upepo wa ziwa letu hauna adabu. Unaweza kuwa umelala, kisha ukaamka ghafla kutoka ng'ambo ya mashariki na kuinua mawimbi ya kumgeuza mtu.

Kambare wawili wadogo wakaja, wakapigwa picha, wakarudi. Mimi nilikuwa nahesabu. Huyo wa kwanza ni mboga ya siku mbili. Huyo wa pili ni daftari na kalamu. Vilikwenda majini chubwi, chubwi.

Yapata saa nne ya usiku uzi ukaanza kwenda polepole, kama mtu anayeuvuta akifikiria jambo jingine. Mgeni akasubiri, kisha akainua fimbo na ikapinda hadi nikadhani itavunjika. Lo! Sijawahi kuona mtu akipigana na kitu asichokiona. Samaki alijitupa kuelekea kwenye miti, mjomba akafungua kamba na kuisukuma boti kwa upondo ili kumfuata, mimi nikashika tochi kwa mikono miwili na mikono yote miwili ikitetemeka. Ilichukua karibu nusu saa. Alipoletwa juu, kichwa chake kilikuwa kipana kama sinia ya ugali. Mjomba alimkamata nyuma ya miiba ya mapezi, akamlaza kwenye gunia lililoloweshwa. Alikuwa mrefu kumshinda mdogo wangu wa darasa la pili. Hakuwa na magamba, ngozi yake nyeusi iling'aa kama kiatu cha mwalimu wa zamu.

Mgeni alikuwa akihema na kucheka. Akapigwa picha. Halafu akapiga magoti, akamtazama samaki kwa huruma, kwa sababu kulikuwa na damu kidogo pembeni mwa mdomo. Akaniambia, "Muulize, ataishi?"

Nikamuuliza mjomba. Mjomba akajibu kwa Kiturkana, akicheka, "Huyu? Huyu hata ukimtembeza kwa miguu hadi Lodwar atafika hai."

Hapo ndipo ulimi wangu uliponitoka. Nikamwona mama Kakuma ameketi nyuma ya meza yake. Nikaiona elfu tatu na mia mbili. Nikamwambia mgeni, kwa Kiingereza safi kabisa, "Anasema amemeza ndoano. Hataishi."

Mgeni alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, basi mchukueni, asipotee bure. Nikamgeukia mjomba nikasema, "Mgeni amekuzawadia." Mjomba hakuamini. Aliuliza mara mbili. Halafu akamshika mgeni mkono kwa mikono yake yote miwili akautikisa sana akisema asante, asante. Mgeni akadhani anapewa pole, naye akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mimi nilikaa katikati yao na tochi, na kati ya watu watatu ndani ya boti ile ni mmoja tu aliyejua kilichokuwa kikiendelea. Lingekuwa jambo la kuchekesha kama lingekuwa limempata mtu mwingine.

Tulimfunika samaki kwa gunia. Upepo ukaanza kuamka, mjomba akasema inatosha, akatupeleka kwenye kilindi kidogo nyuma ya ulimi wa mchanga tukajibanza hapo hadi alfajiri. Mgeni alilala ameegemea jaketi la kuokolea. Mimi sikulala. Si kwa majuto, nisiwadanganye. Nilikuwa nafanya hesabu. Kambare huyo akibanikwa na kukatwa vipande Kakuma angelipa deni lote la chakula na kubakiza pesa ya soksi.

Tulifika ufuoni jua linachomoza. Mama alikuwa hapo na akina mama wengine, wamekuja kungoja boti za nyavu. Alipomwona kambare kwa mbali, mkia umetokeza nje ya gunia, alishika kiuno akacheka. Mjomba na kijana mwingine wakamshusha mchangani. Mgeni akaja amtazame mara ya mwisho. Akainama, akafunua gunia.

Samaki akafungua mdomo, akavuta hewa.

Kidato cha pili tulifundishwa kwenye Bayolojia jinsi samaki anavyopumua kwa matamvua, nami nilipata saba kwa kumi. Lakini kambare ana zaidi ya hayo. Juu ya matamvua ana kiungo kingine kama vitawi vya mti, ambacho kwacho hupumua hewa kama wewe na mimi, na ngozi ikiwa na unyevu anaweza kukaa nje ya maji saa nyingi. Mjomba hakusoma Bayolojia lakini hilo alilijua tangu utotoni. Alilisema. Mimi ndiye niliyelimeza njiani.

Kambare akajipinda. Akajiinua kwa mapezi yake, akaanza kutambaa mchangani kuelekea majini, huku na huku kama mlevi, lakini akienda. Watoto wakapiga kelele. Mgeni akasimama. Hakumtazama samaki tena, alinitazama mimi. Akasema polepole, "Muulize tena alisema nini jana usiku."

Mjomba naye akauliza, "Anasema nini?"

Wenzangu, nimefanya mitihani mingi na nimeketi mbele ya mwalimu mkuu mara mbili kwa makosa yangu mwenyewe, lakini sijawahi kusikia kimya kama kile. Ningeweza kudanganya tena. Kiturkana nilikuwa nacho, Kiingereza nilikuwa nacho, na hakuna mwingine pale aliyekuwa na vyote viwili. Jasho likanitoka na jua halijapanda. Nikamwambia mjomba ukweli wote mbele ya mama. Kisha nikamgeukia mgeni nikamwambia na yeye, na maneno ya Kiingereza yaliyotoka safi usiku yalikuwa yamekwama kooni kama mfupa.

Mjomba hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliinama, akamkumbatia yule kambare kama mtu anavyombeba mwanambuzi aliyezaliwa malishoni, akaingia majini hadi kiunoni. Akamshika hapo kwa muda hadi mkia uliposhika nguvu, halafu akaachilia. Wale akina mama walimtukana mjomba kwa Kiturkana kilichokamilika. Mama peke yake hakusema kitu. Alikuwa ameshafungua gunia lake tupu, akalikunja tena.

Mgeni alilipa pesa zote walizopatana, hakupunguza hata shilingi, na aliondoka bila kuniaga. Hajarudi. Mjomba alinihesabia mia tano yangu noti baada ya noti. "Hii ni ya maneno ya jioni," akasema. Hakuongeza neno.

Nyumbani kisa kilizua kesi. Babu alipokisikia, yeye aliyechukia samaki maisha yake yote, alikasirika kupita kiasi, na si kwangu. "Walimrudisha? Mzima? Mtu anashika chakula mkononi, watoto wamekaa ufuoni, anakiachilia?" Kwake ni sawa na mtu kumpeleka mbuzi porini na kumwambia kwaheri. Akasema nilifanya vizuri na kosa langu lilikuwa moja tu, kutomgonga samaki kichwani. Mama alimsikiliza kwa heshima kwa sababu ni mkwewe, kisha babu alipokwenda akaniambia kwamba samaki hakuwa wangu, wala wa babu, na kwamba kaka yake ana boti moja na jina moja, na jina ndilo linaloleta wageni.

Mimi mpaka leo sijamaliza kuamua. Nikiwa na njaa saa saba mchana namwona babu ana haki. Hata sasa siamini kwamba ni jambo la akili kumtoboa samaki mdomo kwa starehe halafu kumwonea huruma. Lakini hayo ningeweza kuyasema ufuoni kabla ya safari. Nilikuwa na lugha ya kuyasemea. Sikuyasema, nikangoja giza.

Deni la chakula mama alililipa kwa vipande vipande, cha mwisho Machi. Mwalimu anayehusika ananijua na namshukuru kwa kuniruhusu kuingia. Mjomba hakuniita muhula wote wa kwanza. Nilisikia anamtumia binamu yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha ishara za mikono.

Juma lililopita alinipigia kwa simu ya mama. Wageni wawili wanakuja Jumamosi, wanataka kambare, binamu ana homa. Akaniuliza kama bado ninakumbuka kazi. Nikasema nakumbuka. Kisha akaniambia nimfundishe maneno mawili ya Kiingereza hapo hapo kwenye simu, la samaki aliye hai na la samaki aliyekufa. Aliyarudia mara nne, tano, kwa sauti ya juu, hadi nikasikia watu wa ufuoni wakimcheka. Alipoyashika vizuri akasema njoo Ijumaa jioni, na uje na sweta, usiku kuna upepo.